Bwana wa Kupangia Chumba

Ruqaiya aliingia soko kuu la Arua mchana wa jua kali, akiwa na hasira ambayo hakuna soda baridi ingeizima. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka na pikipiki yake kutafuta chumba cha kupanga, na kila alipobisha hodi aliulizwa swali lile lile. Mwenye nyumba wa Mvara alimtazama kuanzia viatu hadi mtandio, akauliza bwana yuko wapi. Wa Anyafio alisema chumba kipo, maji yapo, umeme upo, ila mambo ya kodi angependa kuyazungumza na bwana. Mwingine, ambaye hata mtaa wake sitautaja kwa jinsi ninavyomwonea aibu, alimwambia kwamba wasichana wanaokaa peke yao huleta wageni wa ajabu, na yeye ni mtu wa dini. Basi huyo mtu wa dini akafunga mlango wa nyumba yake tupu, akarudi kulala.

Sasa hebu niwaambie ni nani aliyekuwa akifukuzwa hivyo. Ruqaiya binti Hamuza, Mnubi wa Koboko, mwanamke aliyekaribia miaka thelathini, alikuwa fundi wa friji za chanjo. Kutoka Omugo hadi mpakani, friji ya zahanati ikikataa kupoza, yeye ndiye aliyepigiwa simu, na kazi hiyo ndiyo iliyomhamishia Arua. Dawa za watoto wachanga wa mkoa mzima wa West Nile watu waliziacha mikononi mwake bila wasiwasi. Chumba kimoja chenye dirisha ndicho walichoogopa kumwachia.

Alikuwa amevaa suruali ya kazi ya bluu, buti zenye vumbi jekundu la barabarani, na mtandio wa rangi ya embe bivu. Helmeti aliishika kwapani. Alipopanda gorofa ya juu, penye vitambaa, jora refu la kitambaa lililobebwa begani na mtu fulani liligeuka ghafla, likaipiga ile helmeti ikaanguka na kubingirika mpaka chini ya meza ya viatu.

"Pole, dada," alisema mwenye jora.

"Pole ya nini? Macho yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa kwa hiyo mtandio yako," alijibu bila haya, akaweka jora chini na kupiga magoti kuitafuta helmeti.

Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, utepe wa kupimia umening'inia shingoni na penseli nyuma ya sikio. Jina lake Tahiru. Aliifuta helmeti kwa kitambaa cha bei mbaya, akamwuliza kama anatafuta mapazia. Ruqaiya akamjibu kwamba mapazia angenunua, tena mengi, kama Arua ingempa kwanza dirisha la kuyatundika. Kisha, kwa kuwa alikuwa amejaa mpaka hapa kooni, akamwagia mtu asiyemjua habari yote ya asubuhi ile: Mvara, Anyafio, na yule mtu wa dini.

Tahiru hakucheka. Hilo Ruqaiya aliliona, na likampendeza.

Lazima mjue kwamba muuza mapazia ndiye anayeijua Arua kwa ndani. Daktari huingia penye mgonjwa na shehe huingia penye msiba, lakini mwenye mapazia huingia kila penye dirisha, kupima. Tahiru alijua nyumba ipi huchomwa na jua la jioni, bomba lipi hutoa maji na lipi hutoa hewa, na jirani yupi huchungulia. Akamwambia Ruqaiya kwamba kama anaweza kuvumilia hadi Jumamosi, atamzungusha mwenyewe.

"Kwa sababu gani unisaidie?" Ruqaiya aliuliza.

"Wewe unatengeneza baridi, mimi nazuia jua. Kazi yetu ni moja."

Hapo Ruqaiya akacheka, na nawaambia kweli, kicheko kile kilimwingia Tahiru mpaka akasahau kumdai mteja aliyekuwa amesimama pembeni na pazia mkononi.

Jumamosi walitoka. Pikipiki ilikuwa ya Ruqaiya, kwa hiyo aliyeendesha ni Ruqaiya, na Tahiru akapanda nyuma kama mzigo. Walianza na Oli, alikozaliwa Tahiru na alikoishi mama yake. Mtaa ulinukia bajia na udi, na kabla hawajazima injini wanawake waliokuwa barazani walikwisha kuuliza huyu ni mtoto wa nani na wa ukoo gani wa Koboko. Ruqaiya aliwajibu kwa adabu, lakini walipoondoka alisema amekulia mtaa kama huo huo, na kwa shangazi wengi namna ile hatapata usingizi. Wakaenda Dadamu, kwenye mashamba ya mihogo, ambako mzee mmoja wa Kilugbara aitwaye Kasimiro alikuwa na kijumba kizuri cha vyumba viwili. Upepo ulikuwa mtamu, ila barabara ya mvua ilikuwa matope matupu. Mwisho wakafika Awindiri.

Pale Ruqaiya aliizima injini kabla hajaambiwa. Ulikuwa ua wenye miti ya maua mekundu na geti pana la kutosha pikipiki. Chumba kilikuwa na madirisha mawili yanayotazamana, hewa inapita, na karakana yake ya kazi haikuwa mbali. Alisimama katikati ya sakafu tupu akageuka taratibu. Kwa baba yake hakuchagua, alizaliwa tu. Bweni la chuo alipangiwa. Kwa dada yake, shemeji yake Isa ndiye aliyeamua ni kona gani atandike godoro. Hajawahi hata siku moja kusema mwenyewe kwamba mimi nitakaa hapa.

"Hapa," alisema. "Mimi nataka hapa."

Mwenye ua, mjane aitwaye Mama Jamilah, siku hiyo alikuwa amekwenda kwenye matanga, na Jumatatu Ruqaiya alikuwa na friji iliyoharibika Omugo. Tahiru akajitolea kwenda kuzungumza na mama huyo. Ruqaiya alimwagiza kwa maneno yanayosikika: amwambie kila kitu, kwamba yeye ni fundi, kwamba hana bwana, kwamba hurudi jioni na pikipiki yenye kelele. Akikataa, akatae ukweli. Tahiru aliitikia kwa kichwa.

Jioni simu ililia Omugo, Ruqaiya akiwa bado na spana mkononi. Mama Jamilah amekubali. Ruqaiya aliruka juu, akauliza imekuwaje mama yule kuwa mwema hivyo. Tahiru alisema alizungumza naye vizuri, basi. Nanyi mnaosoma mmekwisha kumjua kwa kule kusema kidogo. Ruqaiya hakumjua, kwa sababu furaha ilikuwa imemziba masikio.

Akahamia. Tahiru akaja kutundika mapazia ya kijani yenye mistari ya dhahabu, akakataa kulipwa, akalipwa kwa chai. Akaja tena kurekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Siku Ruqaiya alipokuwa safarini, simu ndizo zilizofanya kazi.

"Roho yangu, umekula?"

"Nimekula vumbi ya Omugo."

"Rudi nikupikie."

"Wewe unajua kupika nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, Tahiru."

"Kwa mutu iko na mapenzi, inatosha."

Kila mara alizima simu akitabasamu peke yake katikati ya zahanati, manesi wakikonyezana. Alikuwa ameanza kumpenda. Jioni moja, wakiwa wameketi kwenye ngazi za soko, alimwambia waziwazi, na Tahiru akashindwa kumaliza bajia aliyokuwa akila.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, wanawake wa Awindiri walikuja. Mama Jamilah alitangulia, na nyuma yake walikuwa wenzake waliovaa gurbaba, zile shuka za Kinubi za kujifunga, zilizotariziwa, wengine wamebeba sinia za wali na nyama. Walivua viatu mlangoni, wakaketi mkekani, wakapiga vigelegele. Ruqaiya aliona labda hivi ndivyo mtaa huu unavyompokea mpangaji mgeni, akaguswa hata machozi yakamlengalenga. Wakamfunga gurbaba ya waridi juu ya nguo zake. Msichana mmoja akaukamata mkono wake wa kulia na kuanza kuuchora hina. Alipofika kwenye kifundo, bibi kizee aliyekaa pembeni akauliza kwa upole.

"Na nikah yenu ilikuwa mwezi gani kule Koboko? Bwana yako Tahiru alituambia tu ilikuwa, sherehe ndiyo bado."

Ruqaiya aliuvuta mkono. Akamtazama Mama Jamilah, na Mama Jamilah akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyetunza siri nzuri. Akasimulia kwamba Tahiru alikuja Jumatatu ile, akasema yeye ni mume wake halali, ila analala kwa mama yake mpaka sherehe ipite. Mwanamume mwenye adabu sana.

Simu ikalia hapo hapo. Ilikuwa Koboko. Mzee Hamuza, baba yake, dereva mstaafu wa malori, hakuwa mtu wa kupayuka, na siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. Dereva mwenzake ametoka Arua na pongezi. Pongezi za nikah ambayo yeye hakuijua. Anachotaka kujua ni kimoja: nani alisimama mahali pake? Maana nikah ya msichana hutolewa na baba. Baba akiwa hai, yuko karibu, na binti akaolewa bila yeye, ama ndoa si ndoa, ama baba si mtu. Ruqaiya aliapa kwamba hakuna nikah, hakuna bwana, hakuna chochote. Mzee akasema ataamini, lakini Koboko nzima imekwisha kusikia.

Alikwenda sokoni vile vile alivyokuwa, gurbaba ya waridi mwilini na hina kwenye mkono mmoja tu, akiendesha pikipiki watu wakimgeukia. Tahiru alimwona akija na uso ukamng'aa, kisha ukazima.

"Umependeza," alijaribu.

"Mimi iko bibi ya nani, Tahiru?"

Wenye meza za jirani waliacha kukunja vitambaa. Tahiru aliomba wazungumze pembeni. Ruqaiya alisema uwongo wake haukusemwa pembeni.

"Mama asingekubali," Tahiru alisema. "Ulipenda hiyo chumba. Niliona macho yako pale ndani. Nikasema, ni neno moja tu, na hata hivyo mimi nataka kukuoa, basi neno litakuja kuwa kweli."

"Nilikwambia sema nini?"

"Sema ukweli."

"Na wewe ukasema nini?"

Tahiru alianza kuukunja utepe wake wa kupimia.

"Hao wengine walininyima nyumba kwa sababu sina bwana," alisema Ruqaiya. "Wewe ulinipa bwana bila kuniuliza. Tofauti iko wapi? Wote mmeona mimi peke yangu si mutu. Na baba yangu umemfanya nini? Umemfuta. Mimi nilikuwa nakupenda, Tahiru. Nilikwambia kwa mdomo wangu, sikutuma mutu."

Akageuka. Namba ya Tahiru aliifungia kwenye simu kabla hajashuka ngazi.

Kama mambo yangeishia hapo, hasira yangu mimi ninayesimulia ingekuwa nusu. Lakini sikilizeni. Ruqaiya alirudi Awindiri, akawakuta wanawake bado wamekaa, akasema mbele ya wote kwamba hajaolewa, hajawahi kuolewa, na yule mwanamume alidanganya. Alitegemea kufukuzwa. Alikuwa tayari hata kufunga virago jioni ile ile. Mama Jamilah akamshika bega, akamwambia kwa huruma kwamba ndoa changa zote zina ugomvi. Arudi ndani, anywe maji, itapita.

Mnaliona hilo? Mwanamume amesema ni mume, na mwanamke amesema si mke. Huyo mwanamume hakuonyesha shahidi, wala cheti, wala hata pete. Na bado akaaminiwa yeye.

"Mama, nakuambia mimi mwenyewe," Ruqaiya alirudia.

"Nimesikia, binti yangu. Hasira inasema mengi."

Hivyo chumba kilikuwa chake. Madirisha mawili yanayotazamana, geti pana, maua mekundu, vyote vyake, kwa sharti la kufunga mdomo tu na kuwa mke wa mtu. Usiku ule hakulala, na asubuhi alishusha mapazia ya kijani, akayakunja vizuri, akamwachia Mama Jamilah amrudishie Tahiru. Akafunga godoro nyuma ya pikipiki akaenda Dadamu. Mzee Kasimiro alimwuliza kama kelele za jogoo zitamsumbua. Alisema hapana, na akapewa nyumba.

Celestina alimfuata huko juma lile lile. Alikuwa fundi mwenzake wa karakana, msichana mpole kutoka Sudan Kusini aliyekulia Omugo, na mpaka siku hiyo alikuwa akilala kwenye stoo ya kazini, kati ya maboksi ya vipuri. Yeye alikataliwa mara mbili kwa kila mlango: kwanza kwa kutokuwa na bwana, pili kwa kutoka ng'ambo. Usiku walipika enyasa, ugali wa mihogo, na samaki wadogo wa angara, wakiwatukana wenye nyumba wa Arua mmoja baada ya mwingine. Lakini matope ya Dadamu yalikuwa yale yale, na mjini watu walisema yule binti wa Koboko amemkimbia mumewe kwenda kukaa shambani. Mama mmoja alimzuia dukani kumshauri arudi nyumbani kwake. Wewe fikiria, kushauriwa urudi kwa mume usiyekuwa naye.

Tahiru naye alikuwa na majuma mabaya. Alipiga simu haikuingia. Alikwenda karakana, Celestina akamfungia mlango usoni. Mapazia yaliporudishwa dukani kwake yakiwa yamekunjwa kona kwa kona, ndipo alipoelewa. Aliketi juu ya kigoda chake akayatazama, na kwa mara ya kwanza hakufikiria jinsi ya kumrudisha Ruqaiya. Alifikiria alichokuwa amemfanyia. Hata mwanamume mwingine akitaka kumposa, ataambiwa kwamba huyo ni mke wa mtu. Yeye, aliyesema anampenda, ndiye aliyemfungia milango yote ya Arua, na Koboko pia.

Alianza kwa Mama Jamilah, akamwambia. Mama akamjibu kwamba anajua, wamegombana. Akajaribu tena, mama akampa chai. Hapo Tahiru akaona alivyojenga ukuta mgumu. Ijumaa akamwendea imamu wa msikiti anakoswali, akamweleza, akaomba ruhusa. Baada ya sala, watu wakiwa bado wameketi, alisimama akasema kwamba Ruqaiya binti Hamuza si mke wake. Hajawahi kumwoa. Alidanganya ili amfurahishe, na uwongo ule ni wake peke yake, yule binti hakuujua. Baadhi walicheka. Wengine walimtazama kama walivyozoea kumtazama mwizi. Mama yake mwenyewe kule Oli alimfungia mlango siku nzima kwa aibu, naye akala mkate mkavu dukani.

Kisha akapanda gari la Koboko. Mzee Hamuza alimpokea nje, akamwacha amesimama kwenye jua bila kumwonyesha kiti. Tahiru akasema yote tena.

"Wewe ulinizika siku gani?" mzee aliuliza. "Nataka kujua. Sababu mimi niko hai, na musichana yangu ameolewa bila mimi."

"Nilikosa, baba."

"Mimi si baba yako. Na sasa umekuja kunipa posa?"

"Hapana, mzee. Ningependa, Mungu ananiona. Lakini nikiomba kwako kabla sijamuuliza yeye, nitakuwa nimerudia kosa ile ile. Nimekuja kwa ajili ya jina lake tu."

Mzee alimtazama mpaka jasho likamtiririka Tahiru kidevuni. Halafu akaita ndani waletewe kiti na maji. Jioni alimpigia simu binti yake. Alimwambia kuna mjinga mmoja amekuja, ila ni mjinga anayejua amekosa nini, na wa namna hiyo ni wachache. Zaidi ya hapo hakusema, kwa sababu la kuamua halikuwa lake.

Ruqaiya alikaa na habari hiyo siku kadhaa. Alikuwa amekwisha kusikia ya msikitini, maana mji ule haufichi kitu. Hasira haikumtoka. Ila alikumbuka alivyokuwa akichekeshwa na simu zile, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hasira haikuweza kuuponya. Akaifungulia namba yake.

"Njoo Dadamu kesho mchana," alisema, akakata.

Alikuja akiwa na matope mpaka magotini. Alisimama nje ya ua wa miti, akabisha hodi, na hakusogea mpaka alipoambiwa aingie. Ruqaiya alikuwa amefungua mota ya friji kwenye kivuli, mikono imejaa grisi, mtandio wa zambarau umefungwa kisogoni.

Tahiru hakuleta maneno ya mapenzi. Alisema anaomba msamaha, na kwamba hakuja kusikia jibu leo. Ruqaiya akamwuliza alishindwa nini kumwambia mama yule ukweli siku ya kwanza.

"Niliogopa usipopata chumba utarudi Koboko," alisema. "Niliogopa sitakuona tena. Nikasema nakusaidia, kumbe najisaidia."

Ruqaiya alifuta mikono polepole. Hilo lilikuwa jibu la kweli, na alikuwa amelingoja kwa muda mrefu.

"Unataka kunioa?"

"Nataka."

"Uliza basi. Mimi, si jirani."

Akauliza. Katikati alijikwaa maneno, ikabidi aanze upya. Akasema na wakikubaliana, vyumba viwili kwa mama yake Oli viko tayari, vimepakwa rangi, na...

Akasimama mwenyewe. Aliuona uso wa Ruqaiya, akashika kichwa.

"Nimechagua tena," alisema.

"Umechagua tena, mpenzi wangu," alisema Ruqaiya, na hapo hakuweza kujizuia, akacheka mpaka Celestina akatoka ndani kuona kuna nini. "Mimi nakutaka wewe. Oli sitaki. Nitakaa hapa, na ukinitaka, wewe ndiye utahama."

"Kwa hizi matope?"

"Kwa hizi matope."

"Basi nitanunua buti," alisema Tahiru.

Nikah ilikuwa Koboko, na Mzee Hamuza alimtoa binti yake kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, kila mtu akajua baba yuko hai. Mchana wanawake waliketi uwanjani, ngoma za doluka zikipigwa, vumbi likipanda. Ruqaiya alivaa gurbaba nyeupe yenye nyuzi za fedha na hina mpaka kwenye viwiko. Celestina alikuwa amesuka nywele kwa shanga za buluu, akicheza kuliko wenyeji. Mama Jamilah alikuja na wenzake wa Awindiri kwenye gari la kukodi.

Alimkumbatia bibi arusi, akamweka mbele yake. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kile chumba bado kitupu, hajampa mtu mwingine, na sasa kwa kuwa mambo yamekaa sawa na bwana yupo wa kweli, hakuna kizuizi tena. Akafungua mkoba wake akatoa ufunguo. Tahiru, aliyekuwa ameketi karibu, alimtazama mkewe bila kufungua mdomo. Alikuwa ameanza kujifunza.

Ruqaiya aliupokea ufunguo.

"Asante, Mama. Kodi iko ile ile?"

"Ile ile, binti yangu. Nasema mbele ya hawa wote."

Ruqaiya akamwita Celestina kutoka kwenye ngoma. Akaja akihema, jasho usoni. Ruqaiya akamwekea ufunguo kiganjani na kumfumba vidole.

"Huyu ndiye mpangaji wako," alimwambia Mama Jamilah. "Anaitwa Celestina. Ni fundi kama mimi. Kazi ikichelewa, anarudi amechelewa. Bwana hana, na sitaki umtafutie."

Wapiga ngoma walikuwa wamepumzika kunywa maji, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mama Jamilah alitazama ule mkono uliofumbwa. Akawatazama wenzake wa Awindiri, ambao wote walikuwa wamemsikia akisema kodi ni ile ile. Uso ulimbadilika, ukakazika, na kwa kitambo kidogo Ruqaiya alidhani ataudai ufunguo wake. Badala yake aliikusanya gurbaba yake, akasogea mkekani, akapiga nafasi aliyoiacha kwa kiganja.

"Keti basi," alimwambia Celestina. Ungeweza kuona alivyokuwa akiyatafuna maswali yote aliyozoea kuuliza, moja baada ya moja, mpaka likabaki lile ambalo mwenye nyumba anapaswa kuuliza. "Utahamia lini?"

"Kesho asubuhi," alijibu Celestina, akaketi.